Pentekoste, Maana Yake ni "ya Hamsini"



Kamati ya jubilei ilinipa dakika kumi na neno moja la kufafanua: hamsini. Nitalichukua kwa Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya.

Hamsini kwa Kigiriki ni pentekonta. Ukitaka kusema "siku ya hamsini" unatumia pentekoste, na hilo mnalijua tangu shule ya Jumapili. Siku hizi ukitaja Pentekoste mtu anafikiria dhehebu fulani, au kunena kwa lugha. Lakini neno lenyewe ni la kuhesabu tu. Wayahudi waliosema Kigiriki waliliita hivyo sikukuu yao ya majuma. Kuanzia siku ya kutoa mganda wa kwanza wa mavuno walihesabu majuma saba, yaani siku 49, na kesho yake ikawa ya hamsini (Mambo ya Walawi 23:15-16). Ndiyo maana Yerusalemu ilikuwa imejaa wageni kutoka Misri, Libia na Rumi hata kabla Roho hajashuka. Walikuwa wamekuja kwa sikukuu.

Sasa fungua sura ya 25 ya kitabu hicho hicho. Hesabu ni ile ile, ila safari hii ni ya miaka: saba mara saba, 49, kisha mwaka wa hamsini. Wayahudi walipoitafsiri Torati kwa Kigiriki, karne ya tatu kabla ya Kristo, waliandika hapo neno lile lile, mwisho wake tu ukibadilika kama sisi tunavyosema siku "ya" hamsini na mwaka "wa" hamsini.

Kiebrania huuita mwaka huo kwa jina la pembe ya kondoo dume, na ndiko lilikotoka neno jubilei, ambalo Biblia yetu huandika yubile. Kwa hiyo sherehe yetu ina jina la ala ya muziki! Lakini watafsiri wale hawakuichukua pembe. Walitafuta kile kinachotendeka pembe ikilia, wakauita mwaka wa aphesis, yaani kuachilia. Mtumwa aliachiliwa akarudi kwa jamaa yake, na shamba lililouzwa kwa sababu ya shida likamrudia mwenyewe. Tena angalieni siku ambayo pembe ililia. Ilikuwa Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wa saba (25:9). Watu walipatanishwa na Mungu, na siku hiyo hiyo mbiu ikapigwa nchi nzima.

Neno hilo aphesis mnalisoma kila mara bila kulitambua, kwa sababu Kiswahili hulitafsiri kwa maneno mbalimbali. Yesu aliposoma chuo cha Isaya kule Nazareti, kufunguliwa kwa wafungwa ni aphesis (Luka 4:18). Petro aliposimama siku ya Pentekoste, ondoleo la dhambi alilowatangazia ni aphesis (Matendo 2:38). Kitenzi chake kimo katika Sala ya Bwana, tunapoomba kusamehewa deni. Kimo pia pale wavuvi walipoziacha nyavu zao, na pale Lazaro alipotoka kaburini na sanda zake, Yesu akaagiza afunguliwe aachwe aende zake. Kuacha wavu, kuacha deni, kumwacha mtu aende: Mgiriki anatumia kitenzi kimoja.

Luka hasemi popote kwamba siku ile ya hamsini ilikuwa sawa na mwaka ule wa hamsini, nami sitamsemea. Wala hamsini si namba ya bahati. Katika mfano wa wadeni wawili (Luka 7:41-42) mmoja anadaiwa dinari mia tano na mwingine hamsini, na huyu wa hamsini hana cha kulipa kama yule mwenzake. Ninachosema ni kwamba ukiifuata namba hii katika Maandiko, mara mbili unamkuta mtu ametumwa kutangaza kwamba kitu kilichofungwa kimefunguliwa.

Basi tuje nyumbani. Tumeshona sare mpya, keki ipo, ng'ombe amechinjwa. Ni vizuri, na mimi nitakula. Lakini katibu alinionyesha daftari la kwaya. Kuna faini za kuchelewa mazoezi za miaka kumi na zaidi, na salio za sare za watu waliokwisha kuhama. Kuna majina yaliyopigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Baadhi ya hao tunawajua wanakaa wapi. Wengine wamo humu kanisani, wamekaa viti vya nyuma, na nyimbo zote wanazijua. Waliondoka kwa sababu ya maneno yaliyosemwa juu ya pesa za safari, au kwa sababu ya nani aimbe peke yake. Nadhani daftari hilo lina uhusiano na jubilei kuliko keki.

Neno moja pia kwa waliotimiza miaka hamsini ya kuzaliwa, hasa akina baba wa besi. Walawi, ambao waimbaji wa hekalu walitoka kwao, waliacha kazi nzito wakifika hamsini, lakini walibaki wakiwasaidia ndugu zao hemani (Hesabu 8:25-26). Msiogope, hakuna anayewafukuza. Ila vijana wapewe nafasi ya kuongoza wimbo mkiwa bado mpo wa kuwarekebisha.

Nimezungumza na mwenyekiti na mweka hazina, nao wamekubali. Baada ya sala ya mchungaji daftari litaletwa hapa mbele na faini zote zitafutwa. Kisha majina yale ya kalamu nyekundu yatasomwa. Anayesikia jina lake na angependa kuimba, aje asimame kwenye sauti yake ya zamani. Sare hatutaiangalia. Mwalimu, wimbo wa kwanza tafadhali uwe ule wanaoujua.