Silaha ni Amana, na Moyo Uliojeruhiwa Wahitaji Stara

(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa za Mbeya na Iringa)



Leo napenda tuzungumze jambo lisilotajwa mara kwa mara misikitini mwetu, ingawa katika nyumba zetu lipo. Mtu aliyejeruhiwa moyo kwa vita au kwa msiba mkubwa, je, ana haki ya kukaa na bunduki? Na sisi jirani zake tuna wajibu gani kwake?

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Vijana wa nchi nzima walikwenda vitani, wa nyanda zetu hizi wakiwa miongoni mwao, na Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Tuliwapokea mashujaa wetu kwa ngoma na vigelegele. Lakini baadhi yao walirudi na jeraha lisiloonekana: usiku waliota mizinga, mchana walishtuka mlango ukibamizwa. Jirani wakasema karogwa, au ni bangi, au ni kiburi. Hatukuwa na jina la ugonjwa ule. Hata madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi katika orodha yao ya maradhi mwaka 1980 tu. Kwa lugha yetu twaweza kuuita mfadhaiko wa baada ya kiwewe.

Wala si wazee wa Kagera peke yao. Desemba 2017, huko Semuliki mashariki ya Kongo, askari wa Tanzania wasiopungua 14 wa kulinda amani waliuawa katika shambulio moja, na wengi wakajeruhiwa. Mama aliyevamiwa na majambazi, na dereva aliyenusurika ajali ya Kitonga, nao waweza kupatwa.

Haki au kibali?

Katiba yetu haimpi mtu haki ya kumiliki bunduki. Silaha kwetu ni kibali, tena ni amana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inazingatia utimamu wa akili wa mwombaji, na maombi huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji. Basi wanaoulizwa tabia za mtu huyo ni sisi. Kumsifu kwa kuona haya ni ushahidi wa uongo. Kumchongea kwa chuki ni uongo vilevile.

Tusiseme kwamba kila mwenye kiwewe ni mtu wa hatari. Wengi wao hawamdhuru yeyote. Hata Marekani, ambako bunduki ni haki ya kikatiba, sheria ya taifa haimnyang'anyi mtu haki hiyo kwa jina la ugonjwa peke yake. Huangalia kama mamlaka ya kisheria imeamua kuwa hali yake ni ya hatari au hajiwezi, au kama alilazwa hospitali ya akili kwa amri. Tupime hali ya mtu, tusihukumu jina la maradhi yake.

Hata hivyo hatari ipo, na mara nyingi ni kwa nafsi yake mwenyewe. Wimbi la huzuni huja likapita. Penye bunduki karibu, huenda mtu asibakie kuliona likipita.

Iringa inajua jinsi njia ilivyo fupi kati ya hasira na kifo. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, ugomvi kati ya mkulima Said Mwamwindi na Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Kleruu uliishia kwa risasi. Mmoja alikufa siku hiyo, mwingine akahukumiwa kifo. Sikitaji kisa hiki ili kumpa mtu ugonjwa. Nakitaja kwa kuwa bunduki ilikuwa karibu.

Mtukufu Mtume (s.a.w.) alikataza hata kumwelekezea ndugu silaha. Nayo aya ya tano ya Suratun Nisaa inafundisha kwamba asiyeweza kusimamia mali asikabidhiwe, lakini alishwe, avikwe, na aambiwe maneno mema. Ikiwa mali ni hivyo, bunduki je? Angalieni, ndugu zangu: kuzuia kumeambatanishwa na ukarimu.

Tufanye nini?

Tuchukue mfano wa mzee wa Kalenga mwenye bunduki ya kulinda mahindi na nguruwe pori. Halali usiku, na mkewe anaogopa. Tusimwendee na kundi la vijana. Waende wazee wawili anaowaheshimu, baada ya sala ya Isha. Wamwombe aipeleke silaha polisi kwa mkono wake mwenyewe, kisha wamsindikize hospitali ya rufaa, Iringa au Mbeya, kwani ugonjwa huu una tiba ya mazungumzo na ya dawa. Zamu ya kulinda shamba ishikwe na jamaa. Akipona, suala la kibali laweza kuangaliwa upya.

Na gobole lililofichwa darini, lisilo na kibali? Hilo halina mjadala. Mwaka 2023 Serikali ilitoa muda wa Septemba na Oktoba wa kusalimisha silaha haramu bila kushitakiwa. Msamaha wa namna hiyo ukitangazwa tena, misikiti yetu iwe ya kwanza kuutangaza.

Tukimwondolea mgonjwa bunduki kisha tukamwacha peke yake na usiku wake, tumefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Mwenyezi Mungu awaponye waliojeruhiwa, na atupe sisi subira ya kukaa nao. Amin.