Mgeni Mjini na Chama Chake



Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mtu aliye mgeni mjini. Kijijini ni vigumu mtu kushikwa na homa pasipo wenzake kujua. Moshi usipoonekana jikoni mwake asubuhi, jirani huja kupiga hodi. Mjini sivyo. Mtu aweza kulala siku tatu katika chumba cha kupanga, na aliye nyuma ya ukuta asijue kama yu mzima au mgonjwa. Wako wapatao ndugu wapya msikitini au kanisani, nao hufanya vema. Lakini leo nitasema habari za vyama vya namna nyingine, ambavyo havina ibada, na watu hukutana humo kwa ngoma tu, au kwa kuweka akiba.

Chukueni mfano wa beni. Ngoma hii ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, watu walipoiga bendi za askari, kwa tarumbeta na mwendo wa gwaride. Ikashuka mpaka Tanga na Dar es Salaam, na katika vita vya 1914 hata 1918 askari na wapagazi wakaichukua bara, ikafika hata Nyasaland, nchi ambayo leo huitwa Malawi. Vyama vyake vilivyojulikana sana vilikuwa viwili, Marini na Arinoti, navyo vilishindana vikali. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake: mfalme, majenerali, na wengine chini yao.

Baadhi ya Wazungu walipoyaona hayo walicheka, wakasema ni mchezo wa kuiga tu. Wengine wakaingiwa na hofu, wakidhani ni njama. Nadhani wote hawakutazama vizuri. Mfikirini mchukuzi wa bandarini. Mchana kutwa amebeba magunia, na anayemtuma hana haja ya kujua jina lake. Jioni mtu yule yule avaa nguo safi, ashika nafasi yake katika safu, na wenzake wamwita kwa cheo chake. Asipofika, safu ina pengo, na pengo huonekana. Basi yuko atakayetumwa kwenda kumwuliza. Akiugua, chama humsaidia. Akifa mbali na kwao, wako watu wa kumzika.

Wanawake nao hawakukaa nyuma. Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, na humo hata mwanamke wa asili ya utumwa aliweza kupata cheo na heshima ambayo nje ya ngoma alinyimwa.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Mashindano yale yalikuwa na gharama kubwa. Palikuwa na mavazi, na karamu, na kila upande ulitaka kuwashinda wenzao kwa fahari. Chama kinachomfanya mtu akope ili aonekane humwondolea usingizi badala ya kumpa raha, na huyo afadhali angebaki chumbani mwake.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walikusanya matokeo ya uchunguzi 148, uliohusu watu zaidi ya 300,000. Wakaona kwamba wenye uhusiano mwema na watu walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi, katika muda uliochunguzwa, iliyozidi ile ya wapweke kwa asilimia 50 hivi. Hesabu hiyo yahusu jamaa na marafiki pia, si vyama peke yake. Tena mgonjwa mara nyingi hushindwa kutoka kwenda kwa watu, hata ikawa vigumu kujua lipi lilitangulia. Hata hivyo sioni ajabu. Mwenye wenzake hushurutishwa kwenda hospitali mapema, mpweke hungoja, akisema, "Kesho nitakuwa sijambo."

Siku hizi beni imekwisha nguvu, lakini haja ile ile ingalipo. Katika Tanzania viko vikundi vya akiba viitwavyo vikoba. Wanachama hukutana kila juma, na fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu mbalimbali. Pamoja na akiba, huchanga fedha kidogo kwa mfuko wa jamii, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Wengi hujiunga kwa sababu ya mkopo, wala si aibu kusema hivyo. Lakini kabla sanduku halijafunguliwa majina husomwa, mmoja mmoja. Jina likisomwa na pasiwe na jibu, watu hugeuka kutazama mahali pale mwenzao alipozoea kukaa, na mmoja huuliza, "Nani amemwona juma hili?"