Silaha za Ajabu katika Vitabu vya Kale



Mtu afunguapo kitabu cha kale chenye michoro ya vita, huenda akaona silaha asiyopata kuiona. Wako wachekao wakasema mchoraji aliota. Wako na wasadikio kila mstari wa wino. Wote wawili wamefanya haraka.

Karibu na mwaka 1187, al-Tarsusi alimtungia Sultani Salahuddin al-Ayyubi kitabu cha silaha. Nakala yake imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, mjini Oxford. Ndani yake mna picha ya ngao iliyoungwa na upinde. Aitazamaye picha peke yake huidhani mchezo. Lakini asomaye maneno hufahamu kusudi lake, kwamba mpiganaji ajikinge huku akipiga mshale. Imo pia manjaniki, chombo cha kurushia mawe, inayovutwa na uzito wa wavu uliojaa mawe, nayo imefungiwa upinde mkubwa. Elimu hiyo al-Tarsusi hakuiokota njiani, bali aliipokea kwa bingwa wa Iskandaria. Hata hivyo, kuandikwa si kutumika. Kitabu chathibitisha kuwa jambo lilifikiriwa, wala hakithibitishi kuwa kila askari alilishika mkononi.

Sasa itazamwe picha ya pili. Katika historia ya Rashid al-Din, nakala iliyoandikwa Tabriz mwaka 1314 na ambayo imo Chuo Kikuu cha Edinburgh, Sultani Mahmud wa Ghazna aonekana akiizingira ngome kwa manjaniki ya uzito. Mahmud alifariki mwaka 1030. Zama zake manjaniki ilivutwa kwa kamba na mikono ya watu. Ile ya uzito haikuelezwa vitabuni ila karne ya kumi na mbili. Basi mchoraji hakusema uongo, alichora alichokijua. Picha yake ni shahidi wa Tabriz, si shahidi wa Ghazna.

Kwa hiyo mwenye kutafuta haki na asome kwanza maneno yaliyo kando ya picha, kisha aulize ilichorwa lini, kisha amwendee fundi wa mbao na chuma amwulize kama chombo kile chaweza kufanya kazi. Kuwadharau waliotangulia ni dhuluma; na kuwasifu kwa wasilolifanya ni dhuluma vilevile. Shahidi husikilizwa kwa alilolishuhudia, wala hapunguziwi wala haongezewi.