Amri Isiyotolewa: Bakteria, Seli na Saratani ya Tumbo



Mtu akiungulia au akiumwa chembe ya moyo, wengi wetu tunajua safari yake. Anaingia duka la dawa, anauziwa omeprazoli, anapata nafuu, anarudi shambani au machimboni. Maumivu yakirudi, naye anarudi dukani. Nataka tutazame kinachoweza kuwa kinatendeka tumboni wakati nenda-rudi hiyo inakula miaka.

Mhusika ni bakteria aitwaye Helikobakta pilori. Zamani madaktari waliamini hakuna mdudu wa kudumu kwenye tindikali ya tumbo. Robin Warren na Barry Marshall walimwotesha maabara mwaka 1982, mjini Perth, Australia. Marshall, alipoona wakubwa hawamsadiki, mwaka 1984 alimnywa bakteria huyo akaugua tumbo. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2005. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikwisha kumweka kundi moja na tumbaku: visababishi vya saratani vilivyothibitishwa.

Anaishije humo? Anaivunja urea kuwa amonia, tindikali iliyomzunguka inapungua makali, naye anajichimbia kwenye ute. Aina zake kali zina kitu mfano wa sindano, ambacho huingiza ndani ya seli protini iitwayo CagA. Vimeng'enya vya seli yenyewe huibandika fosfati protini hiyo, nayo ikanasa kwenye SHP2, mmoja wa wapitishaji wa amri za kukua. Seli inatii amri ambayo mwili haukuitoa. Kwenye sahani ya maabara utaiona ikirefuka na kuachana na jirani zake.

Hata hivyo, kwangu mimi uzito wa jambo hauko kwenye seli iliyodungwa. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Berlin walionyesha kwa panya kwamba seli zilizo chini ya utando, ambazo bakteria hakuzigusa, huongeza kutoa ujumbe uitwao R-spondini 3. Ujumbe huo huzifikia seli shina kwenye vitezi vya tumbo, nazo huzaliana kupita kiasi. Wakati huohuo seli zilizoshambuliwa zinaita chembe nyeupe za damu, na uvimbe-moto unakaa miongo. Utando unanyauka, seli za namna ya utumbo zinaota mahali si pake, na kwa wachache, labda 1 hadi 3 katika kila 100 walioambukizwa, inafuata saratani.

Mwaka 1992 mtafiti Holcombe aliandika juu ya fumbo la Afrika: maambukizi tele, saratani ya tumbo kidogo. Aina ya bakteria, chakula na umri vina nafasi yake. Lakini nasita kuliita fumbo lote. Pasipo na mpira wa kuchungulia tumbo, saratani hiyo haihesabiwi. Mgonjwa anazikwa kwa jina la vidonda vya tumbo. Na Kilimanjaro, ambako hospitali ya KCMC ina mpira huo, ugonjwa huu haukuwahi kuwa mgeni.

Chumvi nayo isisahaulike. Samaki wa chumvi, akiliwa kila siku, huuchubua utando na kumrahisishia bakteria kazi. Sisi wa jirani na Ziwa Tanganyika tuloweke samaki huyo na kumwaga maji kabla ya kumpika.

Ombi langu ni hili. Tumbo lisilopona, pima choo kutafuta bakteria huyu. Ukikutwa naye, meza dawa zote ulizoandikiwa, kwa kawaida siku 14, hata maumivu yakiisha siku ya nne. Dozi ya nusu hufuga usugu. Na ukikonda bila sababu, ukitapika damu, ukipata choo cheusi au chakula kikikwama, usirudi dukani. Omba rufaa ukachunguliwe tumbo, hata kama ni kusafiri hadi hospitali ya Bugando, Mwanza.