Usukani Unaoteleza kwenye Trekta Dogo la Zamani: Uchunguzi na Matengenezo

Usukani wa trekta dogo hushikwa kwenye shafti ya stelingi na vitu viwili tu: meno membamba yaliyochongwa kuzunguka ncha ya shafti, yanayoingiana na meno ya kitovu cha usukani, na nati inayokikandamiza kitovu hicho kutoka juu. Kwenye baadhi ya matrekta, kazi ya meno hufanywa na kii, yaani kipande kidogo cha chuma kinachokaa katika mfereji. Usukani ukiteleza, mikono ya dereva huzunguka nao huku shafti ikibaki palepale au ikifuata kwa kuchelewa. Tatizo hili huyakumba hata matrekta ya Kijapani ya miaka ya 1970 na 1980, kama Kubota, Yanmar na Iseki, ambayo injini zake bado ni nzima.

Mzigo unaobebwa na meno hayo ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Dereva akivuta kwa nguvu ya kilo 15 ukingoni mwa usukani, sentimita 20 kutoka katikati, meno yaliyo sentimita 1 kutoka katikati hubeba kilo 300. Nati ikiwa imekazwa barabara, meno yote hugawana mzigo huo bila kucheza. Ikilegea kidogo tu, kitovu huanza kucheza kila kona na meno husagana. Kwa kuwa shafti ni ya chuma kigumu na kitovu mara nyingi ni cha madini laini zaidi, kitovu ndicho huliwa kwanza. Nati iliyolegea hutengenezwa kwa spana; ikipuuzwa, hudai usukani mpya, na ikiendelea kupuuzwa hudai shafti.

Kabla ya kufungua chochote, ni lazima ijulikane kinachoteleza ni kipi. Kifuniko cha katikati hung'olewa, kisha mstari mmoja wa chaki huchorwa kupita kwenye ncha ya shafti, kitovu na mkono wa usukani. Usukani huzungushwa kwa nguvu huku magurudumu ya mbele yakiwa chini. Mstari ukikatika kati ya shafti na kitovu, meno au kii vimekwisha. Ukikatika kati ya kitovu na mkono wa usukani, plastiki imeachana na chuma kilichomo ndani yake. Mstari usipokatika kabisa, usukani hauna kosa: tatizo liko kwenye boksi la stelingi, kwenye viungo vya tairodi au, kwa matrekta ambayo stelingi yake huendeshwa kwa mafuta ya haidroli pekee, kwenye mafuta yanayovuja ndani ya mfumo wa stelingi. Fundi anayeruka hatua hii anaweza kununua usukani mpya na kurudi na tatizo lilelile.

Kung'oa usukani kunahitaji subira. Mafuta ya kulegeza kutu hutiwa na kuachwa yapenye, nati hulegezwa lakini huachwa kwenye hesi chache ili usukani usimrukie fundi usoni, kisha kitovu huvutwa kwa pula. Nyundo isipigwe kwenye ncha ya shafti. Pigo hilo huharibu hesi na kushuka moja kwa moja hadi kwenye beringi za boksi la stelingi.

Meno yakishasafishwa kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, hali yake huonekana wazi. Kama bado yana ncha, nati mpya na washa ya springi vinatosha. Kama ya kitovu yamekwisha na ya shafti yamesalimika, tiba iliyo bora ni usukani mwingine wenye idadi ileile ya meno na kipenyo kilekile. Usipopatikana, kitovu kizima cha usukani chakavu wa aina hiyo hukatwa na kuchomelewa kwenye bamba la chuma, na bamba hilo hufungwa kwa bolti kwenye mikono ya usukani. Uchomeleaji wote hufanyika mezani, mbali na trekta.

Meno ya shafti yakiliwa pia, tundu la milimita 5 hutobolewa kwa kufuata urefu wa shafti, nusu likiwa ndani ya shafti na nusu ndani ya kitovu, kisha hukatwa hesi ya milimita 6 na kutiwa bolti isiyo na kichwa. Kazi hii hudai mkono mtulivu, kwa sababu keekee hupenda kukimbilia upande wa chuma laini. Fundi asiye na uzoefu afadhali aipeleke shafti kwa mkerezaji.

Kuchomelea usukani kwenye shafti ni kosa, hata kama kunashika siku hiyo hiyo. Joto huunguza sili na kukifanya chuma kigumu kuwa chepesi kuvunjika, na safu ya stelingi haifunguki tena bila kukatwa. Vipande vya bati vinavyopachikwa kati ya meno navyo husagika na kudondoka, pengine trekta likiwa mteremkoni.

Kabla ya kufunga, chanzo cha mzigo hutafutwa. Pini za ekseli ya mbele zisizo na grisi, matairi yenye upepo mdogo na mazoea ya kukata kona trekta likiwa limesimama huongeza nguvu inayopita kwenye meno, na yakiachwa yatakula kitovu kipya pia.

Usukani hurudishwa magurudumu yakiwa yamenyooka, nati hukazwa, na trekta hujaribiwa kwa kukata kona kamili pande zote mbili, kwanza ekseli ikiwa imeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa imara, kisha magurudumu yakiwa chini. Nati hukaguliwa tena baada ya saa 10 za kazi. Mstari wa rangi unaopita juu ya nati na ncha ya shafti humwonyesha dereva, kabla ya kuwasha injini, kama nati imeanza kuhama.