Mtoto Anapouliza Juu ya Mawe

Tufungue Yoshua 4. Mungu aliagiza mawe 12 yatolewe katika Yordani, kwa maana alijua siku moja watoto watauliza habari zake. Hakukasirikia swali, aliwapa wazazi jibu mapema.

Kwetu Kolwezi pia kuna mawe. Kule Kasulo watu wamechimba kobalti hata ndani ya lupango. Mtoto anauliza: “Papa, kwa nini mimi ninaosha mawe, wenzangu wako shuleni?” Swali hilo linauma, nasi tunasema, “Nyamaza!” Mzazi, ukinyamaza, mnunuzi wa mawe atamjibu kwa pesa. Mtoto huuliza kwa sababu anatafuta njia. Mpeleke shuleni, tena umsimulie Bwana alivyokuvusha. Amina.