Kondoo Chini ya Mikahawa: Minyoo ya Maini na Sumu ya Shaba



Katika miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Imenti hadi Manyatta na Runyenjes, boma nyingi zina mikahawa, ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili, na kondoo wachache. Kondoo ni akiba ya nyumba. Huuzwa karo inapodaiwa, au mgonjwa anapopelekwa hospitali. Akifa ghafla, akiba hiyo imekwenda, na mara nyingi mwenyewe habaki na jibu la kilichomuua. Mazungumzo haya yanahusu maadui wawili wanaokutana katika kiungo kimoja cha kondoo, yaani ini. Mmoja ni kimelea, mwingine ni madini.

Kimelea huyo ni mnyoo wa maini. Ni bapa kama jani, na akikomaa hufikia urefu wa sentimita 3 hadi 7. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi cha mnyama na kuanguliwa majini, kisha kiluwiluwi huingia ndani ya konokono mdogo wa majini. Baada ya kukua humo, hutoka na kujibandika kwenye nyasi za kando ya mto, mfereji au kinamasi. Mnyama akila nyasi hizo, mnyoo mchanga hutoboa utumbo, hupenya ini na kulitafuna kwa wiki kadhaa, kisha hutulia katika mirija ya nyongo. Mnyama hukonda, ufizi huwa mweupe, na wakati mwingine uvimbe laini hutokea chini ya taya. Mkaguzi wa nyama anapolitupa ini lenye minyoo hii, anampa mfugaji habari muhimu: malisho aliyokula mnyama huyo yana konokono.

Adui wa pili ni shaba. Ugonjwa wa kuoza kwa matunda ya kahawa, maarufu kama CBD, ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Kwa miongo mingi wakulima wameukinga, pamoja na kutu ya majani, kwa dawa zenye shaba ambazo wengi huziita kopa. Dawa hizo hufanya kazi yake vizuri. Lakini shaba ni madini, haiozi. Hudondoka kwenye nyasi na magugu yaliyo chini ya miti, na hubaki katika udongo wa juu mwaka baada ya mwaka.

Kila mnyama huhitaji shaba kidogo. Tatizo la kondoo ni kwamba ini lake huiweka akiba na kuitoa polepole sana, kuliko mifugo mingine. Umoja wa Ulaya hauruhusu chakula cha kondoo kuwa na zaidi ya miligramu 15 za shaba kwa kilo moja, ilhali chakula cha nguruwe wachanga kinaruhusiwa hadi miligramu 150. Kwa hiyo kondoo anayelishwa chakula cha nguruwe anakula sumu, hata kama gunia ni zuri na halijaharibika.

Shaba hujikusanya kwa wiki au miezi bila dalili yoyote. Kisha siku moja mnyama hupata msukosuko, kama vile safari ya sokoni, njaa au baridi kali, na ini huiachilia shaba yote kwenye damu kwa mpigo. Chembe nyekundu za damu hupasuka. Kondoo huacha kula, macho na ufizi huwa manjano, mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya kahawa, na katika siku chache hufa.

Hapa ndipo maadui hawa wawili wanapokutana. Mwili hutoa shaba ya ziada kwa njia ya nyongo, na mirija ya nyongo ndiyo makao ya mnyoo. Ini lililokwisha kujeruhiwa halina nguvu ya kubeba mzigo mwingine.

Kuna hatari nyingine ya kukosea. Mkojo mwekundu huletwa pia na vimelea vya damu vinavyosambazwa na kupe. Mfugaji akikimbilia dawa ya kupe kumbe ni shaba, amepoteza pesa na muda. Ndiyo sababu daktari wa mifugo anapaswa kuitwa mapema, na aelezwe wazi kama kondoo amekuwa akilishwa shambani mwa kahawa.

Mambo haya yanasaidia:

1. Kondoo wasilishwe chini ya mikahawa iliyopulizwa kopa. Nyasi zinazokatwa hapo zitumike kama matandazo.
2. Pampu isioshwe karibu na kisima, mto au hori la kunyweshea mifugo.
3. Kondoo wasipewe chakula wala chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa nguruwe, kuku au ng'ombe.
4. Malisho ya kinamasi yazungushiwe ua, na maji yatekwe na kupelekwa kwa mifugo.
5. Si kila dawa ya minyoo huua minyoo ya maini, na baadhi huua wale waliokomaa tu. Mfugaji aulize kabla ya kununua, na afuate kipimo.
6. Anayepanda mikahawa mipya afikirie Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, au Batian, ya mwaka 2010. Aina hizi hustahimili CBD na kutu ya majani, hivyo huhitaji kopa kidogo kuliko SL28 na SL34.
7. Mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe wala kuliwa kabla ya kuonwa na afisa wa mifugo, kwa maana kimeta nacho huua ghafla, na huambukiza watu.

Kahawa na kondoo vinaweza kukaa boma moja. Kinachohitajika ni kila kimoja kuwa na mahali pake.